Meseji za Marehemu kwa Mkamuaji wa Ndabibi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu wa Ziwa Naivasha umepanda hadi Ndabibi na kulifunika boma zima. Haonekani mtu. Inasikika sauti tu ya mwanamke akiimba polepole kwa Kikalenjin, na maziwa yakigonga ndoo.

Huyo ni Jeruto, miaka 43. Ng'ombe hawa kumi na wanne ni wa marehemu Sydney, tajiri aliyefariki Februari kabla kesi yake ya kuuza dhahabu feki haijaisha.

"Ng'ombe husikia moyo wako," Jeruto anasema, macho ameyafumba nusu. "Ukija na wasiwasi, anabana maziwa. Hata umbembeleze aje, hatoi."

Wiki sita baada ya mazishi, akiwa amechutama hapa hapa, simu yake ililia. Alikuwa amepokea shilingi 48,000. Jina la mtumaji lilikuwa la Sydney.

"Wacha! Niliangalia geti," anasimulia, akicheka. "Nilidhani nitamwona kwa ule ukungu, akikuja na gambuti zake. Hata sikuogopa. Ilikuwa kama ndoto, na kwa ndoto mtu haulizi maswali."

Alikuwa na sababu ya kutouliza. Enzi za Sydney, pesa za chakula cha ng'ombe zilipitia kwenye simu ya Jeruto, naye ndiye aliyemlipa mwenye duka. Kwa hiyo Kipketer, msimamizi wa shamba, alipompigia akimwambia azitume kwa namba fulani na abaki na elfu moja ya chai, alituma. Mwezi huo akatuma mara ya pili, na ya tatu.

Meseji ya nne ilileta 140,000. Hapo ndoto ikakatika.

"Nikajiuliza, hii ni chakula gani? Ng'ombe wamekula nyasi tupu wiki mbili!"

Asubuhi hiyo Chelel, ng'ombe mweupe ambaye hajawahi kumsumbua, alibana maziwa. Jeruto alikaa ubavuni mwake nusu saa, ndoo tupu, akalia. Kisha akavua gambuti, akavaa viatu vya kanisa na kuipeleka simu kituo cha polisi.

Wapelelezi walimweleza kwamba mtu alikuwa akichota mali ya marehemu kwa kutumia laini ya simu ya marehemu mwenyewe, kabla mahakama haijaamua mali hiyo ni ya nani. Kipketer alikamatwa, na sasa yuko nje kwa dhamana. Lakini laini ya Jeruto nayo ilifungwa, ikiwa na akiba yake mwenyewe: shilingi 62,000, alizojinyima miaka mitatu kwenye mshahara wa 11,000 kwa mwezi.

Hiyo ilikuwa karo ya binti yake, Cheruto, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Jamani, inauma!

Wiki jana Winrose, dada ya marehemu aliyemlipia Kipketer dhamana, alimfuata nyumbani na bahasha.

"Mama Cheruto, karo yote iko hapa," alimwambia. "Siku ya korti, sema tu hukumbuki ni nani alikuambia utume."

"Na nikisema nakumbuka?"

"Basi mtoto atakaa nyumbani. Shauri yako."

Jeruto hafichi kwamba aliipokea bahasha ile. "Nilimwona Cheruto na yunifomu nyeupe, anatembea kwa wodi polepole, wagonjwa wanamwita sista. Nilimwona kabisa! Nilitaka kubaki hapo." Akairudisha.

Jioni alimweleza binti yake, wakalia wote wawili. "Sawa, mum," Cheruto alimwambia mwishowe. "Nitaomba tena mwaka ujao." Kama nafasi itakuwepo, hakuna ajuaye.

Jua linachomoza na ukungu unaanza kuuachia mlima Longonot. Kesi itasikizwa Nakuru siku ya Alhamisi. Jeruto ameshaomba ruhusa na kutenga nauli. Anatumaini laini itafunguliwa, ingawa hakuna aliyemwahidi siku.

"Wataniuliza ni nani aliniambia nitume," anasema, akisuuza mikono. "Nitasema ni Kipketer, na atakuwa amekaa pale akiniangalia."

Anakausha mikono kwa leso.

"Halafu nitawaambia hata mimi nilikula elfu tatu ya chai. Wakitaka kunishika, wanishike. Lakini nitasema."