Walivyosafisha Wimbo wa Tisa

Rafiki, nina hasira na sitaificha. Juzi nilikuwa Munigi kwenye foleni ya maji, nikafungua simu, nikakuta mutu wa Kinshasa ameandika juu ya albamu mpya ya mujomba. Unamujua mujomba, mudogo wa mama yangu, yeye na kundi lake la roki lililozaliwa hapa Goma, katika uwanja wetu. Albamu ya kwanza huyo mwandishi aliisifu mpaka basi. Hii ya pili, ya nyimbo zilizobaki kwenye kaseti za zamani, ameiita makombo. Eti wimbo wa tisa una kelele za sufuria, na kuna mama anafokafoka nyuma ya gitaa. Eti ni uzembe.

Uzembe! Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nitasema tu.

Wakati ule umeme, kuran kama tunavyoita, ulikuja bila hodi. Siku tatu giza, halafu saa nane mchana taa inawaka, na kartie nzima, mtaa wote, inapiga kelele: “Kuran!” Kila mutu mbio. Mama jirani anashika pasi, fundi wa milango anawasha mashine yake, na mujomba na wenzake wanaruka na magitaa yao, wanabonyeza rekodi hata nyuzi hazijakazwa sawasawa. Wangengoja jirani anyamaze? Kuran ingekuwa imeshakwenda.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na ukuta haukuzuia kitu. Tate, mama ya mama yangu, mutu wa Masisi, alipikia nje, karibu na dirisha la chumba walimorekodia mujomba na wenzake. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikichambua maharagi, moshi machoni. Ukisikiliza ule wimbo, katikati unamusikia: “Weye mutoto, leta chumvi!” Mutoto ni mimi. Halafu anacheka, na kwa vile wimbo umemushika, anaimba kiitikio mpaka mwisho, kifuniko kikigonga sufuria.

Lava ilipokuja ilichukua nyumba, nguo, picha zote. Mujomba alikimbia na mufuko wa kaseti tu, tukamutukana njia nzima mpaka Sake. Tate alipofariki, tukaelewa kwamba sauti yake imebaki kwenye kaseti ile tu.

Kutoka Munigi nikaenda moja kwa moja kwa mujomba. Alikuwa ameshasoma.

“Batu banatucheka,” alisema. “Kuna kijana wa studio, ana ordinatere, kompyuta ya kazi. Atasafisha.”

“Mujomba, ile kelele ni tate!”

“Ni mama yangu, najua. Lakini muziki ni muziki.”

Aka! Mutu aliyekataa kuacha kaseti mbele ya lava, leo anatishwa na maneno ya mutu asiyewahi kungojea kuran.

Jana akanitumia wimbo mpya. Ule wa zamani ameuondoa mtandaoni, na kaseti yenyewe, anasema, ilikatika walipoihamishia tena kwenye ordinatere. Nimesikiliza mara nne. Gitaa safi, ngoma safi. Pale tate alipokuwa ananiita, hakuna kitu. Na mujomba ameandika chini yake: “Unaonaje? Sasa iko muzuri, eh?”