Mama wa marehemu hutoka na kanga kila ndege yangu ikipita

Admin, jina langu lifiche, na kampuni usiitaje, bado nala hapo. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mkumbara, nina mke na binti mmoja. Ni rubani wa ndege ndogo, zile ambazo watu wakiziona wanauliza hii nayo ni ndege au pikipiki. Wale wa kuchekacheka kwenye komenti, leo nipisheni.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Seif. Yeye Mzigua wa Kwamndolwa, mimi Msambaa, basi ni utani asubuhi hadi jioni. Tulisoma urubani pamoja, tukaajiriwa pamoja, tukawa tunapokezana njia inayopita juu ya Korogwe. Akifika juu ya kwao, Seif alikuwa anainamisha bawa hili, kisha lile, kumwamkia mama yake. Mama naye akisikia mlio anaacha alichoshika, anatoka nje, anapunga kanga. Seif alikuwa akinichokoza, "Wewe shikamoo yako unaipigia simu, mimi yangu inapita angani. Nani anampenda mama zaidi?"

Mwaka huu Seif akaanguka. Alikuwa peke yake na mizigo, anatua kwenye uwanja ule mdogo tunaoutumia kila siku. Mimi nilikuwa nje ya ofisi namsubiri tunywe chai. Nilichokiona sitakieleza hapa, mniwie radhi.

Baadaye marubani tulikaa chumba kimoja, hakuna aliyelia. Mmoja akasema ni upepo. Mwingine akasema alikuja na mwendo mdogo. Wa tatu akasema, "Mimi pale ningepaa tena, nizunguke upya." Nikawaka. "Mwenzenu hata hajaoshwa, mshaanza kumtafutia kosa!" Mkubwa wetu, mtu mzima aliyeruka miaka mingi, akanishika bega. "Kaa, mdogo wangu. Hawamtafutii Seif kosa. Wanatafuta namna ya kupanda ndege kesho." Nikakaa, maana hata mimi nilikuwa nishaanza kutafuta moyoni.

Tukamzika Kwamndolwa. Tulipoingia kumpa mama pole, na mashati yetu meupe, akatuangalia wote akauliza, "Msambaa wake ni yupi?" Nikapiga magoti, nikalia kama mtoto. Yeye ndiye alinibembeleza, fikiria, mfiwa anambembeleza mgeni.

Niliporudi kazini na kufika juu ya Kwamndolwa, mkono ukafanya wenyewe. Nikainamisha mabawa. Kutazama chini, naiona kanga inapungwa! Tangu hapo kila nikipita nafanya hivyo, na kanga ipo.

Kisha dada yake Seif akanipigia. "Kaka, unamtesa mama. Akisikia ndege anaacha sahani anakimbia nje. Majirani wanasema akili imeyumba, anadhani ni Seif. Nakuomba uache." Maneno yale yalinichoma. Nikaona simu haitoshi, niende mwenyewe nimweleze mama uso kwa uso.

Nilimkuta uani anachambua mboga ya mchunga. Nikampa shikamoo, nikaanza kujiumauma. "Mama, yule anayepita juu, si..." Akanikatiza.

"We Msambaa, unanionaje? Mwanangu nimemzika, napajua alipolala. Tena yeye alikuwa anainama taratibu, kwa adabu. Wewe unaitikisa ndege kama unapepeta mchele."

Tukacheka. Wallahi tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nilipopata pumzi nikamuuliza, sasa mbona anatoka?

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Siku ile Seif alipita, nikamsikia. Nilikuwa nafua. Nikasema ah, nitampungia kesho." Machozi yakaanguka kwenye mboga. "Sasa wewe sikuachi. Ukiiona kanga, ujue kuna mtu amekuombea ufike."

Nilimwambia kwamba kanga haiangushi ndege wala haiinui. Akasema, "Najua, baba. Lakini niache nitoke."

Ndugu zangu, kuna jambo nilikwenda nalo nikarudi nalo. Nimeamua kuacha kuruka. Tangu siku ile, nikikaribia kutua viganja vinalowa, namwona Seif mbele ya kioo. Mke wangu ananiambia, "Nimechoka kufiwa na wewe kila asubuhi, jioni unarudi." Nimepata nafasi ya kufundisha darasani, naanza mwezi ujao. Mke wangu amefurahi, na binti yangu anamhadithia kila mtu kwamba baba sasa atakuwa mwalimu. Siwezi kuwarudisha kwenye hofu ile.

Lakini kila nikishika simu nimwambie mama, naiweka tena chini. Nikimwambia, nimemnyang'anya kitu pekee kinachomtoa nje. Nisipomwambia, ndege itapita na rubani mwingine, mabawa yamenyooka, na yeye amesimama uani na kanga mkononi. Atajua nini? Atadhani nami nimeanguka. Na nikimjua vizuri, atajiuliza kama siku hiyo alichelewa kutoka.

Nimwambieje mama huyu, jamani? Aliyewahi kupita njia hii anisaidie neno. Kesho naruka tena, na anga la Korogwe ni jeupe siku hizi, kanga inaonekana toka mbali.