Mnyama wa Kwenye Kibati cha Namba

Mkwe wetu alipokuja Rubondo kuleta mahari, alileta pikipiki. Sisi tulikuwa tumetandika mikeka tukingoja ng'ombe, hata kamba ya kumfungia tulikuwa nayo. Ni watu wa milima ya Kivu ya Kusini sisi, binti zetu huolewa kwa ng'ombe. Hata tulipofika huku Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukilala kituo cha Kabazana tukingoja kupewa kiwanja hapa Rubondo, wazee walikaa wakisifiana ng'ombe ambao hatukuwa nao tena. Nimesoma darasa la pili, tena si lote, basi mkiona nazunguka mnivumilie.

Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, ndiye msemaji wa mahari katika ukoo. Akaikagua pikipiki kama anavyokagua mtamba. Akachungulia meno ya mnyororo, akapapasa tangi kama tumbo, akauliza inalala kwa ubavu gani. Mwishowe akafika nyuma, kwenye plake, yaani kile kibati cha namba, akaona alama ndogo inayong'aa. Ukiegemea huku unaiona, ukiegemea kule imepotea. Mke wangu akasema ni ndege. Mimi niliona pembe. Yaya akarudi nyuma, akavaa kofia. Ni shemasi, na mambo ya siku za mwisho huyaogopa kuliko simba.

"Hii ni alama ya munyama," akasema. "Kama ni ule wa mwisho wa dunia, hakuna ndoa. Muende ku Mbarara, muulize bale benye kuiweka."

Binti yangu alikuwa jikoni. Nikasikia mwiko umesimama ndani ya ugali.

Mke wangu yeye aliona pikipiki imetukanwa. Asubuhi kabla hatujaondoka akaipaka siagi tangi, taa, hadi kwenye plake, kama tunavyompaka bibi harusi. Tumeokoka, ndiyo, lakini siagi ni siagi.

Kisha ikaja shida ya heshima. Kwetu baba mkwe hagusani na mkwe wake, na pikipiki haina fasi ya kuoneana haya. Tukaweka dumu la maziwa katikati yetu. Nililikumbatia mpaka Mbarara, na mtu yeyote aliyetuona njiani anaweza kushuhudia kwamba sikumgusa.

Nikawa nachungulia alama za mbele juu ya bega lake. Iliwaka taa nyekundu yenye umbo la birika. Nikamwambia mkwe kwamba kama pikipiki yenyewe inasema tusimame tunywe chai, mimi sikatai. Alisimama kweli, lakini akaongeza oili, mimi nikabaki na kiu yangu na dumu langu. Aliposimama iliwaka nyingine, ya kijani, yenye N. Hiyo niliielewa bila kufundishwa: Nakivale.

Chini ya kilima cha Kamukuzi, pale Mbarara, askari wa barabarani akatusimamisha. Akazunguka nyuma. Vumbi la njia nzima lilikuwa limeng'ang'ania siagi, plake imekuwa ukuta uliokandikwa udongo.

"Muzee, namba iko wapi?"

"Iko chini ya siagi," nikajibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Akakwangua kwa ukucha, akanusa kidole. Akasema haoni alama ya usalama, kwa hiyo namba ni ya feki na pikipiki italala kituoni. Nikaiona na ndoa ya binti yangu ikilala kituoni. Nikamwonyesha ile taa ya kijani, nikamwambia asome mwenyewe, imeandikwa ni ya Nakivale.

"Hiyo ni nyutro."

"Nyutro iko wilaya gani?"

Mkwe akainamisha kichwa, akakohoa ndani ya helmeti.

Nikavua koti langu la kanisani, nikasugua plake kwa upande wa ndani. Namba zikatoka, kisha ile alama ikang'aa. Askari akaegemea huku, nami nikaegemea huku, tukaegemea wote kule. Nikamweleza habari yote ya mahari, na yaya, na mnyama. Hakucheka. Akasema ni nembo ya Uganda, inawekwa ili wezi wasijitengenezee namba zao. Upande mmoja ndege korongo, upande wa pili swala.

"Kwenu watu naogopa swala?" akauliza.

"Wanaogopa yule wa mwisho wa dunia."

"Huyu iko ya serikali tu. Enda."

Tulirudi tukamkuta yaya ameketi palepale, kofia kichwani. Nikamwambia ni swala wa serikali. Alifikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Anakula majani?"

"Anakula, yaya."

"Anacheua?"

Nikasema anacheua.

"Na kwato yake, imepasuka?"

Nikasema imepasuka. Nimeshakula swala zamani, kwato nazijua.

"Basi ni musafi," akasema, akavua kofia. "Tutamuhesabu."

Ikatangazwa mbele ya watu: mahari ni pikipiki moja, na mnyama mmoja mwenye pembe. Jikoni mwiko ukaanza kazi. Mke wangu akatoka na kibuyu cha siagi, na mkwe wetu, mtu wa adabu ambaye hajawahi kumpinga mama mkwe wake, akaenda kusimama mbele ya plake, mgongo wake ukiigusa.