Mchanga wa Shemeji Versie

Shemeji yangu Versie Mae ndiye aliyenionyesha kwamba jimbo letu la Alabama si moja. Mimi nilizaliwa Uniontown, kwenye udongo mweusi, nikafuga kambare kwenye mabwawa ya watu mpaka mgongo ukakataa. Sikuwa mtu wa safari. Yeye aliendesha lori la karanga tangu ujana wake, kutoka kwao Headland, kusini kwenye mchanga na misonobari, mpaka Birmingham kwenye milima ya udongo mwekundu. Njiani alizunguka makusudi apite kwetu. Nikitaka kujua katoka wapi, nilitazama rangi ya udongo kwenye magurudumu.

Wazazi wake walikufa mapema. Versie akamlea mdogo wake, Idella, kwa lori hilo hilo. Hakuolewa. Alisema lori linamtosha, likikoroma, unalizima.

Nilipomwoa Idella, Versie alinitazama viatu kwanza. Akasema kwao mvua inapita, kwetu inakaa kama mgeni asiye na haya. Toka siku hiyo akaniita Matope. Nami nikamwita Karanga.

Idella alipenda kufagia uwanja. Kwao uwanja unafagiwa mpaka unang'aa. Wa kwetu haufagiliki: ukilowa unang'ang'ania ufagio, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Basi Versie kila akipita alishusha gunia la mchanga wa kwao. Gunia kwa gunia, miaka ikaenda, uwanja ukawa mweupe. Watu wa barabarani walipunguza mwendo wautazame.

Idella alikufa majira ya mvua. Katika ugonjwa wake alisema haogopi kufa, anaogopa kulala majini. Nilimwelewa. Kaburi la kwetu linashika maji kama beseni. Versie akapiga simu, akasema anakuja kumchukua, amlaze karibu na mama yao. Sikubisha, yeye ndiye aliyemlea. Lakini Headland ni mbali, macho yangu hayaendeshi tena, na watoto hatukujaliwa. Idella akizikwa huko, ndiyo nimeagana naye.

Versie alifika asubuhi na pikapu, mwenyewe usukanini kwa umri ule. Hakuingia ndani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na uwanja wa Idella haukuwa na dimbwi hata moja.

"Nani kafagia?" akauliza.

"Mimi."

"Umefagia vibaya."

"Najua, shemeji. Sikuona kazi nyingine ya kufanya."

Akainama, akachota mchanga kwa kiganja. Nilidhani anaomba.

"Matope, sepetu iko wapi?"

"Ya nini?"

"Mchanga huu ni wa kwetu. Nimeubeba mwenyewe. Tukimtandikia huu, atakuwa amelala kwa mama."

Nilikwenda kuleta sepetu.

Wanaume wa kanisani walikuja na zao. Wakachimba kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, wakakata mfereji maji yateremke. Chini ya jeneza tukatandika mchanga mwingi, na juu yake mwingi. Jioni uwanja wangu ulikuwa mweusi tena, kama siku ile Versie aliponitazama viatu. Akavitazama tena. Vilikuwa vimebeba nusu ya shamba. Akacheka, halafu akaingia ndani ya pikapu akafunga mlango, akalia peke yake. Nilimngoja nje.

Kutoka nyumbani hadi kaburini natembea kwa miguu. Nakwenda na ufagio wa Idella. Mvua zimepita nyingi tangu hapo, na pale juu ni pakavu. Mungu alinipa mke, nashukuru. Alinipa na Karanga, nashukuru zaidi ya nilivyowahi kumwambia.

Juzi alikuja tena, akashusha gunia mlangoni pangu, anahema.

"Anza upya, Matope. Na safari hii ujifunze kufagia."

Nafagia kaburi kwanza, halafu mchanga mpya wa mlangoni.