Mlango wa Nyuma wa Taa ya Kijani

Lyle Hendricks aliuza viatu vya wanaume kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo akikutana na mtu humtazama miguu kabla ya uso. Tunakaa jengo moja hapa Chicago, hatua chache kutoka barabara ya Halsted: yeye na mpenzi wake Tad juu, mimi chini. Hao wawili wameishi pamoja miaka hamsini na mmoja, kuwazidi ndugu zangu wote na ndoa zao za kanisani.

Tad alikuwa dereva wa basi la jiji. Sasa akili inamtoka kidogo kidogo. Kuna siku ananijua, kuna siku ananiuliza kwa nini sijashuka kituoni kwangu.

Agosti ilipofika, barabara ikafungwa kwa ajili ya tamasha letu la kila mwaka, sisi tunaopenda wa jinsia yetu, na Lyle akasema atampeleka. Nilimwambia wazi kwamba ni upumbavu. Joto lile, muziki ule, maelfu ya watu!

"Nadine, mwaka kesho hatanijua," akanijibu. "Niache nitembee naye mara moja tu, tumeshikana mikono, katikati ya barabara. Ujanani hatukuthubutu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda nao, nimebeba mwavuli na hasira zangu.

Na kusema kweli, ilikuwa raha. Wanaume vifua wazi, wamejipaka unga wa kumetameta. Wengine wamevaa magauni na mawigi marefu ya kugonga vizingiti vya juu vya milango. Tad alikula mahindi yaliyopakwa jibini mpaka mashavu yakawa manjano, Lyle akawa anamfuta kwa leso.

"Nyie mababu mmependeza jamani!" dume moja lenye gauni la manyoya likatupigia kelele. "Siri yenu nini?"

"Viatu vinavyokutosha, mama," Lyle akajibu. "Hivyo vyako vitakuua kabla ya saa kumi."

Tulicheka sana. Tad naye alicheka, kisha akaushika mwenyewe mkono wa Lyle, bila kuambiwa. Lyle akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi.

Ndipo akaja askari polisi, binti mchangamfu mwenye kibendera cha upinde wa mvua kifuani, anagawa maji. "Kunyweni, wazee wangu, jua kali." Lyle akageuka kupokea chupa. Alipogeuka tena, Tad hayupo.

Binti yule akatangaza kwenye redio yake, jukwaani wakaliita jina la Tad mara tatu, sisi tukazunguka kila kibanda. Nusu saa ikapita. Mzee wa miaka sabini na minane katika joto lile! Nilikuwa na "si nilikwambia" mdomoni, lakini nilipomwona Lyle anatazama miguu ya kila apitaye, nikayameza maneno hayo.

Ghafla akasimama. "Alimwona polisi," akasema. "Hakupotea, Nadine. Aliniachia mkono."

Nikaelewa. Zamani hizo polisi walivamia baa zetu, na waliokamatwa majina yao yalitoka gazetini. Mimi nilikuwa mwalimu. Jina langu lilitoka asubuhi, mchana sina kazi. Kwa hiyo kila wapenzi wawili walikuwa na mpango wao. Mpango wa Lyle na Tad ulikuwa huu: ukimwona polisi, achia mkono, ondoka kama humjui mwenzako, usigeuke. Mtakutana kwenye mlango wa nyuma wa baa ya Taa ya Kijani.

Taa ya Kijani siku hizi ni duka la kuoshea mbwa. Tulimkuta uchochoroni nyuma yake, kati ya mapipa ya taka, shati limelowa jasho, anagonga mlango mara tatu tatu. Ndani mbwa wanabweka.

Alipomwona Lyle akaanza kulia. "Wamekupiga?"

"Hawajanipiga."

"Wameandika jina lako?"

"Hawajaandika, mpenzi. Twende nyumbani." Lyle akamnyooshea mkono.

Tad akauficha wake mgongoni. "Una wazimu? Barabara imejaa watu! Tangulia. Mimi nitapita upande wa pili. Na usigeuke."

Basi tukarudi hivyo. Lyle upande huu, Tad upande ule, mimi katikati na mwavuli wangu, tunapita kati ya watu elfu kadhaa walioshikana mikono. Nilitaka kumfokea mtu, sikujua nani.

"Yupo?" Lyle akaniuliza bila kupindua shingo.

"Yupo. Hakuondolei macho."

"Basi ananijua," akasema. Akalia njia nzima mpaka mlangoni kwetu, na hakugeuka hata mara moja.