Vigingi Nilivyovihamisha

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa buti za mpira zilizonizidi mguu, kitabu chenye jalada la kijani na vigingi sita vya mkaratusi vilivyopakwa lami. Aliyenikabidhi alikuwa Msimamizi wa Vipimo, bwana mfupi aliyefunga tai hata akiingia matopeni. Alinipeleka kwenye kinamasi cha mto Sio, chini ya Busibwabo, akanionyesha mafunjo yanapoanzia. Tukavipigilia vigingi hapo, kufuata ukingo.

"Wanyama," aliniambia, "hii kazi si ngumu. Nikikuja hapa nataka kupata kigingi kwa ukingo. Sitaki hadithi."

Nikasema ndiyo bwana. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa na serikali, ningemuuliza nini?

Kila asubuhi na kila jioni nilisoma ubao wa kipimo, ule uliosimamishwa mtoni kuonyesha kina cha maji. Kila kiangazi nilizunguka kinamasi kwa miguu nikikagua vigingi. Nyinyi vijana mnaona kinamasi ni uwanja mtupu unaongoja jembe. Hakitulii hata kidogo. Mvua ikizidi, mafunjo husonga kuelekea mashambani. Kiangazi kikirefuka, au mtu akichimba mtaro ili apande nduma, yanarudi nyuma, na tope ambalo yangelichuja linateremka na maji.

Ilikuwa kazi ya upweke. Zilipita siku ambazo sikutamka neno ila tarakimu za ubaoni, nikizisoma kwa sauti ili nisikie mtu. Mke wangu Nekesa alikuja huko wakati wa kiangazi, na hakuja kwa ajili yangu. Alikata magugu ya ukingoni, akayaanika, akayachoma papo hapo, maana majivu ni mepesi kubeba kuliko magugu mabichi. Nyumbani aliyachuja kwa maji katika chungu chenye matundu, akapata musherekha, ile chumvi ya majivu tunayopikia mboga.

"Mama, dukani kuna chumvi," nilimtania.

"Ya duka haijui mrenda," alinijibu. "Wewe chunga vijiti vyako."

Nikavichunga. Kiangazi cha kwanza nilikuta mafunjo yamerudi nyuma, na kigingi kimebaki peke yake kwenye nyasi kavu. Nikakumbuka agizo. Nikaking'oa, nikakipigilia upya ukingoni, nikaandika kitabuni: "Kigingi kiko ukingoni." Msimamizi alipokuja alitazama, akanipiga bega. "Hii ndio kazi. Si kama yule mpimaji wa Nambale." Nilivimba kichwa wiki nzima, na vigingi nikavihamisha mwaka baada ya mwaka.

Baadaye nikapelekwa mto Malaba, karibu na mpaka, ambako malori yalipanga foleni kutwa na hakuna dereva aliyejua jina langu. Nekesa alifariki nikiwa huko. Nilifika nyumbani siku ya pili. Afisa wa Maji, mama mkali lakini mwenye huruma, akanirudisha Sio, na hapo nikamalizia kazi hadi kustaafu.

Mwaka jana alinijia afisa wa mazingira, binti wa Amukura anayeitwa Amoit. Kinamasi kilikuwa kimelimwa karibu kufika mtoni, na maji ya kijiji yamegeuka tope. Wakulima walikuwa wamekubali kuyarudishia mafunjo nafasi, lakini mpaka ukingo wa zamani tu, na kila mmoja alikuwa na ukingo wake.

"Mzee, wewe ndio ulipima," alisema. "Fungua vitabu."

Tukafungua kimoja baada ya kingine. Kigingi kiko ukingoni. Kigingi kiko ukingoni.

"Cha kwanza kilikuwa wapi?"

"Nilikihamisha."

"Vyote?"

"Vyote. Kila mwaka."

Hakunicheka, na heri angenicheka. Alinieleza kwa upole kwamba kigingi kilipaswa kubaki palepale, nami nipime umbali kutoka hapo hadi kwenye mafunjo. Niliona aibu mpaka machozi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimefuta nilichotumwa kuandika.

Tulishuka shambani hata hivyo. Nilionyesha kwa kukisia, na mwenye shamba, Barasa, akakataa katakata. "Hapa hakujawahi kuwa na matope, mzee." Amoit akachimba ili aone udongo. Chini ya udongo uliolimwa palikuwa na tabaka la majivu. Akasogea kuelekea mtoni, akachimba tena, akayapata tena.

"Nani alikuwa anachomea huku?" aliuliza.

Nilikaa chini. "Mke wangu, Nekesa," nikasema. Ukingo uliposogea, Nekesa alisogea nao, lakini yeye hakung'oa alichokiacha nyuma.

Barasa aliokota majivu, akayasugua vidoleni. "Mama yangu alikuwa anakuja na yeye," alisema. "Sawa. Weka alama yako."

Amoit alinipa kigingi, nikakipigilia kwenye majivu ya juu kabisa, mbali na mto. Sasa nashuka huko kila asubuhi ingawa hakuna anayenituma. Mafunjo bado yako mbali. Kigingi sikigusi. Napima kutoka hapo kwa hatua zangu za kizee, kisha namwambia Nekesa, kwa sauti, ni hatua ngapi zimebaki.