Ondoa Mkono Mdomoni

Naikumbuka Jumamosi ile ya mwezi wa Januari, mwaka niliotimiza miaka thelathini na mitatu, nilipoanza masomo ya watu wazima hapa Woodley, Nairobi. Mwanangu, nilipoitwa kusoma nilisimama nikauziba mdomo kwa kiganja. Utotoni, meno yangu sita ya mbele ya chini yaling'olewa kwa mila yetu sisi Waluo, kama ya mama yangu.

"Mama, meno mengine umeyaacha Kisumu?" akauliza kijana mmoja aliyeliona pengo. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu wetu, mzee mwenye mvi, hakucheka. "Ondoa mkono, mama. Hukuiba kitu. Tunataka kukusikia."

Nilisoma siku hiyo. Lakini mkono ulirudi mdomoni, ukakaa huko hata nilipozeeka. Marehemu mume wangu alinizoea hivyo, na watoto hawakuthubutu kuuliza.

Mwaka jana, Jumanne ya pili ya Agosti, maumivu ya gego yalinipeleka Westlands, kwa mjukuu wangu Achieng, daktari wa meno. Sifichi fahari yangu: yeye na mwenzake, Daktari Kamau, wanaifundisha kompyuta kusoma eksirei. Huionyesha maelfu ya picha ambazo madaktari wameshazisoma, nayo hujifunza kutambua ugonjwa. Picha yangu ilipotokea, sehemu ya mbele ya taya la chini ilipakwa nyekundu yote.

"Pole, Shosho," Kamau akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Kompyuta inasema ugonjwa wa fizi ndio uliokumalizia meno hapa, na haya ya kando ya pengo yako hatarini. Huenda tukayatoa."

Achieng aliinamisha macho. Alijua ukweli, ila kwa heshima hakuweza kulitaja jambo ambalo mimi mwenyewe nililificha. Nikagundua kwamba mkono wangu uko mdomoni. Nikamkumbuka mwalimu wangu, nikauondoa.

"Daktari, hayo hayakuanguka kwa ugonjwa. Yaling'olewa nikiwa msichana, nami sikulia. Hebu gusa."

Akazipima fizi zangu polepole kwa kifaa chake. "Ai! Hizi ni imara kuliko zangu," akasema akicheka. "Basi mashine imekosea. Nitaiondoa picha hii kwenye utafiti isituvuruge."

"Usiniondoe. Ukiniondoa, mwenzangu atakayekuja kesho atang'olewa meno mazima. Ifundishe."

"Dani," Achieng akasema, akiniita bibi kwa Kijaluo, "tungeifundishaje, na wewe unalificha pengo lako?" Tukacheka sote watatu, mimi mdomo wazi.

Wiki iliyofuata nilirudi na wajane wenzangu wa kanisani, kila mmoja kwa hiari yake. Walipigwa picha za kuifundisha kompyuta huku wakitaniana nani alilia siku yake ya kung'olewa. Februari mwaka huu Achieng aliniita nione picha ya bibi nisiyemjua, mwenye pengo kama langu. Safari hii kompyuta haikupaka nyekundu, na bibi yule akarudi nyumbani na meno yake yote yaliyosalia. Nilitembea Westlands siku hiyo kama mwenye mji.

Mwanangu, vyombo hivi vinajua yale tu vilivyoonyeshwa. Vitumie bila woga, lakini usikubali visome maisha yako nusu. Sema ulikotoka. Na wazee wako waulize mapema, hata wakinyamaza.

Mungu akupe meno ya kukutosha hadi uzeeni, na akuepushe na mkono wa kuuziba mdomo wako mwenyewe.